Rubiela Aliyeufundisha Mlima Kusema Polepole

Siku Rubiela Ocampo alipoingia kwenye karakana yetu sikumpenda, na sina haja ya kuficha. Alikuwa na sauti ndogo kiasi kwamba feni ikiwashwa humsikii, na mimi watu wanaonilazimisha kuinamisha sikio hunichosha. Nilimwambia Don Evelio, mwenye karakana, kwamba fundi wa redio asiyesikika ni kichekesho cha mji mzima. Don Evelio akaniambia nipande mlingoti wangu wa antena nimwachie yeye mambo ya kuajiri. Leo hii mtu akimsema Rubiela vibaya mbele yangu, tutakosana papo hapo, na kahawa atajilipia mwenyewe.

Alizaliwa mashambani upande wa Neira, kwenye ile miteremko ambayo mchuma kahawa hujifunga kamba kiunoni asije akaporomoka na kikapu chake. Baba yake alipofariki, mama yake, Doña Orfilia, alihamia Manizales akajenga nyumba mtaa wa El Guamal, safu ya mwisho kabisa, ambako ukuta wa nyuma karibu unagusa mlima. Aliijenga kwa arepa, vile vikate vya mahindi, alizochoma barazani mwaka hadi mwaka, na kwa hiyo kumwambia ahame ilikuwa sawa na kumwambia avue ngozi. Rubiela alimwambia, tena na tena, kwa sauti yake ileile ndogo. Mama alikuwa akiendelea kugeuza arepa kana kwamba redio ya jirani ndiyo inayoongea.

Elimu yake Rubiela aliipata kwenye chuo cha jioni, na mchana alitengeneza rimoti za mageti katika kibanda kimoja cha katikati ya mji. Huko ndiko alikojifunza kwamba hewa ya Manizales imejaa. Kuna njia chache za mawimbi ambazo serikali imewaachia watu wote bila leseni, na watu wote wameingia humo bila kupangana: mageti, ving'ora vya magari, spika, mita za umeme, kengele za milango, vinyago vya watoto. Mtu anabonyeza rimoti, geti lake linakataa, la jirani linafunguka, ugomvi unaanza. Mafundi wengine walikuwa wanauza rimoti yenye nguvu zaidi. Rubiela alikuwa anakaa kwanza asikilize ni nani anaongea, lini, na kwa muda gani, kisha anaitengenezea rimoti ya mteja wake mahali pa kupenya. Tabia hiyo alikuja nayo kwetu.

Kazi kubwa iliyotukuta ni ya mlima wa El Guamal. Jiji lilitaka visanduku vifukiwe mteremkoni, kila kimoja kipime maji ndani ya udongo na kuinama kwa ardhi, kisha kitume habari kwa redio hadi kwenye kipokezi kilichofungwa juu ya mnara wa kanisa dogo la mtaa. Kipokezi kikipata habari mbaya, king'ora kinalia, watu wanatoka. Betri ya kila kisanduku ilitakiwa idumu miaka, kwa hiyo Rubiela alivinyima masikio. Kisanduku kinasema tu, hakisikii chochote, kwa sababu kusikiliza nako kunakula betri.

Tulivijaribu Februari. Jua, mtaa umetulia, nusu ya watu wako kazini. Nilipanda mteremko nikavivuta kimoja baada ya kingine viiname, kana kwamba ardhi imesogea, na vyote vilisikika vizuri mno. Daktari Lucrecia Botero, mtaalamu wa udongo aliyetumwa na jiji, alitupigia makofi, tukaenda kula maharage na nyama ya nguruwe kwa raha zetu.

Sasa niambie, ni mtu gani wa Manizales asiyejua kwamba El Guamal ya Februari siyo El Guamal ya Desemba? Tarehe saba ni mishumaa ya Bikira. Kila familia inatoka na kupanga mishumaa ukingoni mwa barabara, na siku hizi mishumaa peke yake haitoshi. Kuna nyota zinazofuata muziki, kuna pazia la taa linalobadilika rangi kwa rimoti, kuna kulungu wa plastiki anayetikisa kichwa. Don Gildardo Marulanda, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, amepamba paa lake hadi ndege wameanza kulikwepa. Vitu vyote hivyo vinaongea kwenye njia ileile ya bure. Sisi wa karakana tunakaa kwenye mitaa hiyohiyo, tuna taa hizohizo, na hata mmoja wetu hakukumbuka.

Mwaka ule mvua ilinyesha wiki nzima kabla ya mishumaa, ikapumzika jioni ya tarehe saba kwa heshima ya Bikira. Watu wote walikuwa mbele ya nyumba zao, na Doña Orfilia akiwa miongoni mwao na kiberiti mkononi. Mlima ukashuka nyuma ya nyumba yake, kidogo tu, ukachukua banda la kuku na sinki la kufulia. King'ora hakikulia. Lau ingekuwa jioni nyingine, saa hizo bibi angekuwa nyuma anafua.

Tulipofukua visanduku viwili vya juu na kusoma kumbukumbu zake, tulikuta vilikuwa vimeita tangu mchana. Vimeita na kuita, na kila mara kulungu wa plastiki na wenzake wakavizidi. Rubiela alikaa juu ya jiwe, matope hadi magotini, na sikuwahi kumwona na uso ule.

"Viliita, Jairo," aliniambia. "Vilifanya kazi yao. Mimi ndiye niliyevifundisha kuongea kana kwamba mtaa huwa mtupu."

Ushauri ulitoka kila upande. Don Evelio alitaka nguvu iongezwe, basi, visanduku vipige kelele kuliko wote. Katika kamati ya mtaa kulikuwa na watu waliotaka taa zipigwe marufuku mwezi mzima wa Desemba, na waliposema hivyo waliangalia paa la Don Gildardo. Jiji lilisema tukishindwa jaribio lijalo visanduku vitang'olewa na mlima utabaki hivihivi. Doña Orfilia naye alisema banda la kuku lilikuwa limeoza hata hivyo, na yeye haendi popote. Kwa hiyo hesabu ya Rubiela ilikuwa rahisi na ya kutisha. Mama yake atakuwa chini ya mlima ule mvua zijazo, na kitu pekee kitakachomwonya ni vile visanduku.

Kikao cha mtaa kilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa, na Don Gildardo alikuja amevaa koti la Jumapili, tayari kwa vita. Kabla hajafungua mdomo, Rubiela alisimama. Ukumbi ukalazimika kunyamaza ili umsikie, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa faida ya ile sauti.

"Taa zilikuwepo kabla ya visanduku vyangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeingia chumbani mwisho, na ni juu yangu kutafuta namna ya kusikika. Siombi mtu azime hata balbu moja."

"Na hiyo nguvu anayoisema Don Evelio?" akauliza mtu.

"Kituo cha afya kina wagonjwa waliovalishwa vipimo, navyo vinapita humohumo. Nikipiga kelele mimi, nitawanyamazisha wao."

Don Gildardo alikaa na maneno yake yote hajayatumia. Baadaye alimletea kahawa kwenye kikombe cha plastiki na kumwambia, "Binti, mimi nilikuja kupigana nawe. Sasa nifanye nini na hasira yangu?" Rubiela alimwambia aitunze, ataihitaji Mei. Hakuna aliyeelewa maana yake wakati huo.

Akaanza kufanya kazi. Alikaa kwenye ngazi za nyumba ya mama yake na kisikilizio masikioni, siku baada ya siku, akichora jinsi hewa ya mtaa inavyojaa na kupungua. Mama alimpitishia maji moto ya sukari guru na kuwaambia wateja wa arepa kwamba binti yake amesoma sana ili aje kukaa ngazini. Mimi nilikuwa najaribu kutania pia, ila yule mtu akiwa kazini utani haumfikii.

Alichokipata alinieleza kwa mfano wa kahawa, akijua kwamba hesabu zake zinanipita kando. Wachumaji wawili wakiwa kwenye miteremko inayotazamana, katikati kuna bonde na mto unaovuma, hawapigani na mto kwa kelele. Wanalivuta jina la wanayemwita. Wanalianzia chini kooni na kulipandisha taratibu, refu, hadi pumzi iishe. Mto una kelele nyingi lakini hauna umbo lile, na sikio la aliye ng'ambo linajua umbo analolingoja, hivyo linalikusanya kipande kwa kipande hata kama mengine yamepotea. Basi visanduku vikafundishwa kuita namna hiyo: sauti nyembamba, dhaifu, inayopanda polepole, na kipokezi mnarani kikafundishwa kuingoja. Kila kisanduku kikapewa zamu yake isiyofanana na ya mwenzake, na kila neno likarudiwa kupitia njia tatu tofauti, ili kulungu akiharibu moja, nyingine ipite.

Tatizo ni kwamba anayevuta jina hawezi kusimulia hadithi. Mwito mrefu unabeba maneno machache. Daktari Lucrecia alitaka joto la udongo, maji kwa kila kina, hali ya betri, vyote kila saa, na alikuwa na haki, maana bila namba hizo hawezi kujua mlima unakwenda wapi. Walibishana kwenye karakana kwa adabu kali ya wanawake wawili wanaoheshimiana, wakiitana "mpendwa" kwa meno yaliyobana. Mwishowe Rubiela alimuuliza swali moja: mlima ukiwa unaanguka, ungependa kusikia nini? Daktari alifikiri, akasema angependa kusikia ni wapi. Basi kisanduku kikabaki na maneno mawili, "nipo" na "nimesogea," pamoja na jina lake. Namba nyingine zote zingehifadhiwa ndani na kuchukuliwa kwa miguu kila mwezi. Miguu ya nani? Yangu, bila shaka. Hakuna aliyeniuliza.

Daktari naye alidai fidia. Alitaka kisanduku cha kumi na moja kihamishwe hadi kwenye ufa mmoja mdogo juu ya nyumba ya Doña Orfilia, mahali ambapo mimi sikuona chochote isipokuwa nyasi. Rubiela hakubisha. Alisema kuhusu udongo yeye ni mwanafunzi.

Mei ikafika, na mvua zake. Sasa Don Gildardo akajua hasira yake ilikuwa ya nini. Rubiela alimwomba afanye Desemba ndani ya Mei: mtaa mzima utoe taa zake, zote, na spika, na vinyago, na kila rimoti iliyopo ndani ya nyumba, alasiri moja, ili visanduku vijaribiwe katika zogo lenyewe. Mzee yule alikwenda nyumba hadi nyumba kama kuhani. Asiye na taa aliazimwa. Waliokuwa wamesema taa zipigwe marufuku alikwenda kwao kwanza, na raha aliyoipata sijui kama ataipata tena.

Alasiri hiyo El Guamal ilikuwa imechanganyikiwa kwa furaha. Anga la kijivu, matone, na kila paa linawaka mchana kweupe. Nyimbo za Krismasi zinapigwa. Kina mama wamepika kastadi ya mahindi, watoto wanadai zawadi. Rubiela alikuwa chini ya mnara wa kanisa na kompyuta yake kwenye meza, watu wa jiji kando yake, Daktari pia. Doña Orfilia hakuja. Alisema hawezi kuacha buñuelo zake, maana mtaa uliojaa watu ni mtaa wenye njaa, na alikuwa jikoni, upande wa mlimani, akikaanga yale madonge ya jibini.

Mimi nilikuwa mteremkoni. Kazi yangu ilikuwa kuvuta kisanduku cha nne, kisha cha tano, kisha cha tisa, na chini wao waseme kama wamesikia. Nilivuta cha nne. Rubiela akanipigia simu, akasema kimefika, safi kabisa, taa zote zikiwa zinawaka. Nilisikia watu wa jiji wakipongezana nyuma yake. Nikaanza kutambaa kuelekea cha tano, na simu ikaita tena, nikaibana kati ya bega na sikio.

"Jairo, umegusa cha kumi na moja?"

"Sijafika huko. Niko mbali nacho."

"Hujakigusa kabisa?"

"Rubiela, mimi nina mikono miwili, na yote miwili imeshika nyasi."

Akakata simu. Nilisikia king'ora kikianza, na sauti ya Don Gildardo kwenye kipaza sauti ikiwaambia watu wasihofu, ni Jairo huyo, anapenda mzaha. Nilipotazama juu niliona ule ufa ambao sikuwahi kuuona, umefunguka mdomo katikati ya nyasi, mbali na mimi, sawasawa juu ya paa la Doña Orfilia. Nilishuka kwa makalio. Suruali ile haikufaa tena kwa kazi yoyote.

Yaliyotokea jikoni nimesimuliwa na wengi, na wote wanakubaliana. Rubiela aliingia mbio na kumwambia mama yake mlima umesogea, atoke. Mama akamwambia ana mafuta motoni, na kwamba king'ora ni cha majaribio, amesikia kwa Don Gildardo mwenyewe. Mtu mwingine angebishana. Rubiela alizima gesi, akabeba beseni lote la unga uliokandwa, jibini ya siku nzima, akatoka nalo mbio barabarani. Na Doña Orfilia, ambaye mlima haukumtoa, wala jiji, wala banda la kuku, alitoka nyuma ya beseni lake akiwa ameinua mwiko.

"Rubiela! Unga wa watu huo!" alikuwa akipiga kelele. Alimfukuza hadi mbele ya kanisa, na safu nzima ya mwisho ikatoka milangoni kuwatazama na kucheka, kisha ikawafuata, maana nani angebaki ndani na burudani ile iko nje. Nilipofika barabarani na matope yangu, nilikuta nyumba zote tupu. Nilihesabu vichwa nikapiga kelele kwamba ni kweli, ni kweli, sikuwa nimegusa kitu.

Mlima ukashuka. Sitaki kuupamba. Ulishuka kwa sauti nzito, ukaingia jikoni kwa Doña Orfilia kwa nyuma na kutokea sebuleni, ukaisukuma nyumba ya jirani yake hadi nusu, ukasimama. Taa za Desemba za upande wa pili wa barabara ziliendelea kuwaka na nyimbo kuendelea kuimba hadi mtu alipokumbuka kuzizima. Hakuna aliyeumia. Daktari Lucrecia alikaa chini barabarani palepale, na watu wa jiji wakavua kofia zao.

Doña Orfilia aliitazama nyumba yake kwa muda mrefu. Mwiko ulikuwa bado mkononi. Kisha akaenda alikokuwa binti yake, mezani chini ya mnara, ambako Rubiela alikuwa amerudi na kuvaa kisikilizio chake kana kwamba bado kuna jaribio. Mimi nilikuwa hapo, ndiyo maana najua.

"Unasikiliza nini sasa?" mama akauliza.

"Cha kumi na moja. Kimefukiwa chini ya udongo, mama. Bado kinaita."

"Kinasemaje?"

"Kimesogea. Ndilo neno lake."

"Kijibu basi. Kiambie tumetoka."

"Hakisikii. Nilikinyima masikio ili betri idumu. Kinaita tu."

Doña Orfilia alivuta kiti akakaa. Alimvua binti yake kisikilizio, akakiweka kwenye masikio yake mwenyewe, na sijui alisikia nini, maana mimi nikikivaa husikia mchanga tu unaokwaruza. Macho yake yalikuwa kwenye matope yaliyokuwa jiko lake.

"Kwa hiyo kinaita muda wote huu," akasema, "na hakijui kama kuna mtu amekisikia."

"Hakijui, mama."

Bibi aliuweka mwiko chini. "Mimi nilikusikia, Rubi," akamwambia. "Kila mara uliponiambia nihame, nilikusikia. Tangu siku ya kwanza. Ni kukujibu tu sikujua nitajibu nini."

Rubiela alilia mbele ya watu wa jiji, mbele ya Don Gildardo na kipaza sauti chake, mbele yangu, bila kujifunika uso. Mama yake alimshika mkono kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alikibana kile kisikilizio sikioni, hataki kukivua.